Kadi ya Kuzeeka Nayo

Miaka ishirini na mbili nimekuwa nikisafisha vinywa vya watu. Ndiyo kazi yangu hapa Saginaw, Michigan, kwenye kliniki ya meno iliyobanwa kati ya duka la matairi na duka la donati, na hizo donati ndizo zinazotuletea wateja. Nimekwangua ukoga wa kila rangi. Nimetoa nyuzi za nyama zilizokaa kwenye ufizi tangu Krismasi, na mwenye kinywa akaniuliza kama zinaonekana. Kwa hiyo ninaposema jambo limenitia kinyaa, mnielewe. Mimi si mtu wa kushtushwa na uchafu mdogo.

Kutafuta kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kompyuta, kulinitia kinyaa.

Kwanza wale wanaume wa kwenye video. Ukitaka kujua kadi ipi ni nzuri huna budi kuwatazama, na kila mmoja amejipiga picha akiwa ameachama mdomo, kadi mkononi, mshale mwekundu pembeni. Wenzangu wanaona kadi, mimi naona magego. Naona jino lililozibwa vibaya, naona ulimi mweupe wa mtu anayeishi kwa vinywaji vya kopo. Halafu anaanza kubwata. Huyu anasema memori ya gigabaiti nane haitoshi na anayeinunua ni zuzu. Wa pili anasema kumi na mbili ni ufujaji. Wa tatu anasema wale wawili wamehongwa. Kuna kambi ya wekundu na kambi ya kijani, watu wazima wenye watoto na nyumba, wanatukaniana mama kwa ajili ya makampuni ambayo hayajui hata kama wamezaliwa. Kila nikizima nilikuwa nakwenda kunawa mikono.

Na mimi sikutaka makuu. Nina miaka arobaini na tisa, na mambo yangu nayapenda yakae. Jokofu langu lina miaka kumi na saba. Nilitaka kadi moja tu ya kuzeeka nayo, niichomeke, nifunge kasha la kompyuta, nisisikie tena habari zake mpaka nistaafu.

Sababu ilikuwa Jumapili. Kila Jumapili saa nane mchana, kwa miaka minne, tulikuwa tunakutana watu wanne mtandaoni kucheza mchezo mmoja: mdogo wangu Dwight aliyeko Fort Wayne, Indiana, mkewe Shelby, Gordie, anayefanya kazi na Dwight kwenye ghala la vyuma, na mimi. Tunashuka kwenye mapango chini ya mji uliokufa, tunapigana na minyoo mikubwa kama mabasi, na chini kabisa yuko malkia wao ambaye hatujawahi kumwua. Dwight anatangulia na ngao. Shelby ana mkuki, Gordie ana mabomu. Mimi ndiye mganga. Kazi yangu ni kusimama nyuma na kuwarushia dawa wanapoumia, la sivyo wanakufa.

Usicheke. Mwaka ule tulioanza, mama yetu alikufa mwezi wa pili, na mwezi wa sita mwaka huohuo mume wangu akahamia kwa mwanamke wa Flint. Dwight akaniundia kompyuta kwa mikono yake, akaifunga kwenye boksi na kunitumia. Juu yake aliandika, "Usikae peke yako, dada." Tangu siku hiyo wiki yangu nzima ilikuwa ni siku sita za kusubiri Jumapili. Kule ndiko nilikosikia sauti ya mtu aliyenijua nikiwa mdogo.

Tatizo ni kwamba kompyuta yangu ilikuwa inajikokota. Wenzangu wanakimbia, mimi naruka kutoka hapa mpaka pale kama picha za kwenye albamu. Nikigeuza kichwa, pango lilikuwa linafika baadaye. Nilikuwa nimeshusha kila kitu: vivuli nimezima, nyasi nimezima, nyuso za watu zimekuwa mabonge ya unga. Na bado nilikuwa nachelewa. Dawa ilikuwa inamfikia Dwight akiwa maiti tayari. Wakanipa jina, Konokono. "Konokono, umelala?" "Konokono, tukuletee kitanda?" Nilikuwa nacheka nao. Nilidhani ndivyo familia zinavyocheka.

Halafu mwezi wa tisa, baada ya kufa mara sita mlangoni kwa malkia, Dwight akanibakiza peke yangu kwenye laini.

"Dada, nakupenda, sawa?"

"Mtu akianza hivyo ana jambo."

"Gordie ana binamu yake, anaitwa Travis. Mganga mzuri, kompyuta yake inakimbia. Watu wanamtaka."

"Watu gani? Mko watatu."

"Bana, Lorna, usinifanye mimi mbaya. Tumekupa mpaka mwisho wa mwezi. Nunua kadi. Hiyo yako imezeeka."

"Kwa hiyo mnanifukuza."

"Nani kasema kufukuza? Nimesema nunua kadi! Nunua kubwa kabisa, usihangaike nayo tena."

Nilikaa pale na hedifoni kichwani muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Niliona Jumapili zangu zote zilizobaki, za miaka na miaka, nikikunja nguo na kusikiliza jirani akikata nyasi. Kesho yake nikaanza kutafuta.

Nilianza na duka kubwa la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa mwanamume wa ndevu, mwenye makombo ya chipsi humo kwenye ndevu, na jina lake limebandikwa kifuani: Randall. Akanitolea kadi yenye ukubwa wa sinia la kuokea bata mzinga. Ina feni tatu, inawaka taa za rangi saba kama meza ya kamari.

"Hii hapa, bibie, ndiyo iliyoandaliwa kwa siku zijazo."

"Siku zijazo ngapi?"

"Ee... miaka miwili. Mitatu ukiitunza."

"Sasa hizo ni siku zijazo au ni wiki ijayo?"

Akacheka, makombo yakadondoka. Akaniambia pia kwamba ina uzito, kwa hiyo lazima ninunue na kigingi cha kuitegemeza ndani ya kasha isije ikapinda.

"Mpya kabisa, na tayari inahitaji mkongojo?"

"Zote siku hizi ziko hivyo, bibie."

Alisema kwa fahari, ndicho kilichonichefua. Bei yake ilishinda ya jokofu langu kwa mbali. Nikamwachia sinia lake likiwakawaka pale mezani, nikaondoka.

Zikabaki za mitumba. Usiku na mchana nikapekua matangazo ya watu: kadi zilizotumika kuchimba sarafu za mtandaoni mwaka mzima bila kuzimwa, kadi zilizopigwa picha juu ya godoro lisilo na shuka, kadi "zilizotumiwa na bibi yangu tu." Mwishoni nikampata mtu anayeitwa Merle Stobbs, huko Pinconning. Tangazo lake lilikuwa sentensi mbili: anazo kadi kumi na moja, na hauzi kwa mtu asiyejua anachotaka. Nilipompigia akaniambia nipige picha ya kompyuta yangu, ndani na nyuma, nipime na urefu wa kasha, nije nazo, kwa sababu simu yake haipokei picha.

Nikamweleza Dwight. "Chukua!" akasema. "Dada, chukua hata leo, usifikirie mara mbili!" Alikuwa na furaha kuliko mimi.

Jumamosi asubuhi nikaenda. Merle anaishi kwenye nyumba ya trela mwisho wa barabara ya changarawe. Mlango ulipofunguka harufu ikanipokea kabla yake: mikojo ya paka, sigara za miaka thelathini, na kitu cha tatu kilichokuwa kinaozea jikoni ambacho sikutaka kukijua. Dari ilikuwa ya manjano. Kuta zilikuwa za manjano. Nilipoegemea mlango ili nifute viatu, kiwiko changu kikanata.

Mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, suruali ya kulalia, fulana yenye historia. Mdomo wa chini umevimba ugoro. Mkononi alishika chupa ya soda ambayo haikuwa na soda. Akatema humo, uzi wa kahawia ukaning'inia kidevuni, akaupangusa kwa mgongo wa mkono uleule alioninyooshea.

Nilimpa mkono. Nisamehewe kwa uso niliokuwa nao.

"Karibu, mama. Usimwogope huyo paka, hakojoi ila kwenye viatu."

Nikaangalia viatu vyangu.

"Kahawa?"

"Hapana, asante, nimekunywa." Kikombe alichokishika kilikuwa na mistari ndani, mtu angeweza kuhesabu wiki.

Akanipeleka chumba cha nyuma, na hapo nikasimama. Kulikuwa na meza moja, imetandikwa kitambaa cheupe, cheupe hasa, na juu yake kadi kumi na moja zimepangwa kama mezani kwa daktari. Hazikuwa na vumbi. Pembeni palikuwa na spiriti, pamba na mswaki laini. Sikuelewa mtu anawezaje kuishi kwenye jalala na kupiga mswaki mashine. Ilinikera zaidi kuliko kama zote zingekuwa chafu.

"Unacheza nini?" akauliza.

Nikamwambia.

"Na unataka ikae miaka mingapi?"

"Kumi."

"Wewe nakupenda," akasema, akatema. "Wengi wanataka ya kuringia mpaka Krismasi. Sasa hivi unayo ipi?"

Nikamtajia. Akaacha kutafuna.

"Ipi?"

Nikarudia.

"Na hiyo inakusumbua kwenye huo mchezo? Nyasi umezima?"

"Nyasi, vivuli, maji, kila kitu. Kaka yangu anasema imezeeka."

"Kaka yako fundi?"

"Ndiye aliyeiunda."

"Mh." Akazungusha ule ugoro mdomoni. Wakati anaongea niliona kidoa cheupe kwenye ufizi wa chini, pale tumbaku inapokaa, na jicho langu likaganda hapo. "Feni zake zinapiga kelele ukicheza?"

"Hazijawahi hata siku moja. Kaka anasema ndiyo uzuri wake."

"Joto?"

"Baridi kama sinki."

"Lete hizo picha."

Nikampa simu. Akavuta picha ya nyuma ya kompyuta kwa kidole gumba, na kidole kikaacha mchirizi wa kahawia juu ya kioo changu.

"Angalia hapa juu, mama. Huu ni ubao mkuu. Matundu haya ya juu ni ya mtu asiye na kadi. Ya karani. Ya mtu anayeandika barua ya kuomba likizo. Kadi yako ni hii hapa chini, imelala. Sasa niambie, waya wa skrini yako umeingia wapi?"

Nikatazama. "Juu."

"Na hivi vidude vyeusi kwenye matundu ya chini ni nini?"

"Si ndivyo yalivyo?"

"Ni vifuniko vya plastiki, mama. Kadi inatoka navyo kiwandani. Unavitoa siku ya kwanza." Akanirudishia simu. "Kadi yako ni bikira."

Nilitaka kumwambia amekosea. Nilitaka iwe amekosea, mzee kama huyu, kwenye nyumba kama hii. Lakini niliikumbuka siku ile boksi lilipofika, Dwight yuko kwenye simu, mimi chini ya meza na waya mkononi. "Unaingia palipo na tundu la umbo lake," alisema. Matundu ya umbo lile yalikuwa sehemu mbili. Nikachagua la juu kwa sababu lilikuwa karibu.

"Miaka minne," nikasema.

Merle akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika meza. "Usione haya. Kila mtu kwenye haya mambo amewahi kuchomeka juu. Hata mimi. Wiki nzima nilikuwa nalaani kadi ya watu." Akapangusa macho. "Wiki, lakini. Nawe hukuwa na mtu wa kukuangalizia? Huyo kaka hajawahi kufika kwako?"

"Anakuja kila Sikukuu ya Shukrani."

Akatema kwenye chupa, polepole.

"Hakuona," nikasema.

"Sijasema neno, mama."

"Kompyuta iko chini ya meza, nyuma kuna giza. Hakuona."

"Sawa."

Nilimchukia kwa ile "sawa." Nikafungua mkoba, nikamwambia nitanunua tu, anichagulie, ile ya katikati, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa kesho na sikutaka kurudi mikono mitupu.

"Sikuuzii," akasema. "Nenda nyumbani, hamisha waya. Hiyo uliyonayo, ukiipiga brashi kila miezi sita, ina miaka sita mbele. Ikifa, njoo. Kama bado nipo."

Mlangoni nikageuka. "Bwana Merle, hicho kidoa cheupe kwenye ufizi wako nenda kaonwe na daktari. Wiki hii."

"Nakijua."

"Sikuulizi kama unakijua. Nakwambia nenda."

"Sawa, mama," akasema, na safari hii sikujua ni "sawa" ya aina gani.

Garini nilijipaka spiriti ya mikono mpaka viwiko. Nikafuta simu mara tatu. Harufu ya nyumba ile ilinifuata mpaka nyumbani, na nilipofika sikubadilisha hata nguo, nikatambaa chini ya meza na tochi. Vile vifuniko vilikuwepo. Vitatu, vidogo, vyeusi, vimekaa kimya miaka minne. Nilivitoa kwa kucha. Nikahamisha waya kutoka juu kwenda chini, kiasi cha upana wa viganja viwili. Nikawasha.

Feni zikaanza kuzunguka. Sikuwahi kuzisikia.

Nikaingia kwenye mchezo peke yangu, nikafungua vyote nilivyokuwa nimezima. Na pango likaja. Kulikuwa na maji kwenye kuta, yanatiririka. Miaka minne nilidhani ni rangi ya kijivu. Kulikuwa na moshi, na mwanga unaopita ndani ya moshi. Nilipogeuza kichwa, dunia iligeuka pamoja nami. Nikashuka mpaka mlangoni kwa malkia, nikachungulia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ana meno. Safu tatu, zimepangana vibaya sana. Nililia. Sioni haya kusema, nililia mbele ya meno ya mnyoo.

Sikumpigia Dwight. Nilitaka iwe zawadi ya Jumapili. Nilitunga kabisa jinsi nitakavyosimulia, nijicheke mwenyewe kabla hawajanicheka, niige kikohozi cha Merle. Na lile swali aliloliacha hewani nilijiambia ni uchafu wake tu, kama ule wa kwenye kioo cha simu.

Jumapili saa nane nikaingia. Wakaanza kukimbia nami nikakimbia. Mnyoo wa kwanza alimng'ata Shelby na kabla hajamaliza kupiga yowe dawa yangu ilikuwa imeshamfikia.

"Ee!" Shelby akasema. "Mganga leo kavaa viatu!"

"Nani huyo?" Gordie akasema. "Rudisheni Konokono wetu!"

"Dada!" Dwight alikuwa anacheka kwa furaha. "Umenunua! Umenunua ipi?"

"Subirini tufike chini, niwape hadithi."

Tulishuka kwa robo saa, njia ambayo kwa kawaida ilikuwa inatuchukua saa nzima na maiti kumi. Tukasimama mbele ya mlango wa malkia, wote wazima. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nikasema, "Sikununua kitu. Sikilizeni ujinga wangu. Miaka minne yote nilikuwa nimechomeka waya wa skrini pasipo pake."

Nilingoja wacheke.

Gordie ndiye aliyelipuka. "Aaah! Dwight! Si nilikwambia atagundua mwenyewe kabla ya kununua? Si nilikwambia? Pizza tuliyowekeana dau iko wapi?"

"Gordie, nyamaza," Shelby akasema.

"Nigundue nini?" nikauliza. "Gordie, nigundue nini?"

"Hakuna, dada," Dwight akasema.

"Dwight."

Nilisikia akivuta pumzi. Hedifoni nzuri ni kitu kibaya, zinakuletea hata mate ya mtu yakimezwa.

"Niliona ile Sikukuu ya Shukrani ya kwanza," akasema. "Nilikuwa nachomeka chaja ya simu. Nikasema nitakwambia tukimaliza kula. Halafu tukala. Halafu nikasema utaona mwenyewe, mtu yeyote angeona. Ukapita mwezi. Ukapita mwaka. Sasa ningekwambiaje, dada? Na ilikuwa inachekesha, bana, usikatae. Wewe mwenyewe ulikuwa unacheka."

"Mlikuwa mnajua wote."

"Mimi nilisema aambiwe," Shelby akasema haraka. "Na kwenye hii ya kadi mpya mimi nilikutetea, Lorna. Dwight alisema hata ukinunua mpya utachomeka palepale juu. Mimi nilisema hapana, utachomeka sawa."

Ilinichukua muda kuielewa hiyo. Wangeniacha ninunue. Kadi ya bei ya jokofu, niibebe, niichomeke, halafu wakae Jumapili nyingine na nyingine wakisikiliza kama bado najikokota.

"Na huyo Travis?" nikauliza. "Binamu?"

Gordie akakohoa. "Nina binamu... lakini anacheza gofu."

Miaka ishirini na mbili ya vinywa. Kuna siku nilifungua kinywa cha mwanamume aliyekuwa na jipu chini ya daraja la dhahabu. Juu linang'aa, chini usaha, na mwenyewe anatabasamu. Hata siku ile sikutapika. Safari hii niliweka mkono mdomoni. Nilikuwa nahesabu bila kutaka: kila "Konokono," kila kicheko changu nilichowapa bure, mwezi mzima nikihangaikia nafasi ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka. Mzee wa ugoro alikuwa amenipa mkono mchafu kwa wazi, na mimi nilikuwa nimejisugua spiriti mpaka viwiko.

"Haya, dada, usinune," Dwight akasema, sauti imerudi kuwa ya bosi. "Utani wa ndugu tu. Mbona leo uko vizuri, leo tunamwua. Umo timu, umo moja kwa moja. Tuko sawa?"

"Ingieni," nikasema.

Wakaingia. Malkia akanyanyuka na meno yake yote. Shelby alikuwa mbele, akashikwa, mstari wa uhai wake ukashuka mpaka nusu, robo, sifuri. Mikono yangu ilikuwa mapajani.

"Mganga!" Gordie akapiga kelele. "Dawa!" Akarusha bomu, likamrudia. Niliona hata vipande vya mawe vikidondoka juu yake kimoja kimoja.

Akabaki Dwight. Alirudi nyuma mpaka ukutani, ngao imepasuka, akamgeuza mtu wake anitazame. Miaka minne ule uso kwangu ulikuwa bonge la unga. Sasa niliuona. Alikuwa ameachama anaita, na katikati ya meno ya juu kulikuwa na mwanya. Si mwanya wowote. Ulikuwa mwanya wa mama yetu, ule uliolala kidogo kushoto, ambao asingeupata kwenye orodha yoyote ya nyuso za mchezo. Alikuwa ameukalia na kuuchora mwenyewe, siku moja ambayo hakuniambia, mtu yuleyule aliyenicheka miaka minne.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha dawa. Kilikuwa kitufe kimoja tu.

"Dada! Dawa! Lorna, umeganda?"

"Sijaganda," nikamwambia. "Nakuona vizuri sana."

Nikamtazama mpaka alipoanguka.